Kuonja Kabla ya Kumeza

Wiski ya kimea inayotoka katika kiwanda kimoja cha Uskoti ina watu wanaoiendea kwa adabu inayokaribia ibada. Huimimina kidogo tu katika bilauri yenye mdomo mwembamba, huiacha itulie, huinusa, huirudia kuinusa, hudondosha matone ya maji, ndipo huigusisha ulimi. Kisha hutaja walichokikuta humo: moshi, chumvi ya bahari, asali, ngozi, tunda lililokaushwa. Linalonishughulisha si kama maneno hayo ni ya kweli au ni ya majivuno. Nauliza kizuri kinachotafutwa katika kuonja namna hiyo kiko wapi. Je, kimo katika kileo, au kimo katika kuonja kwenyewe, kiasi kwamba kileo kingeondolewa na kizuri hicho kikabaki? Nalipeleka swali hili Turkana kwa makusudi, kwa sababu huko majibu mepesi hayasimami. Lodwar, makao makuu ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, ina hoteli zinazouza skochi, yaani wiski ya Uskoti, kwa maofisa, wafanyabiashara na watumishi wa mashirika. Kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi kuna Kakuma, ambako tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe mwaka 1992 mtama wa msaada umekuwa ukiishia pia kwenye vyungu vya busaa, pombe ya nafaka iliyochachuka, na mitungi ya chang'aa, pombe kali ya kukeneka. Na pande zote mbili za barabara hiyo wako wafugaji na maziwa yao. Mtu akiviweka vinywaji hivi pamoja, skochi, chang'aa na maziwa, ataona ninachodai: kwamba kuonja na kulewa ni matendo mawili, kwamba kuonja ni tendo jema na ni la binadamu wote, na kwamba ulevi ukiingia hulimeza tendo hilo.

Nianze na maziwa, maana ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Wafugaji wa kaskazini mwa Bonde la Ufa hawamimini maziwa katika chombo kisichoandaliwa. Chombo husafishwa kwa moto na kufukizwa moshi wa miti iliyochaguliwa, ndipo hupokea maziwa. Wapokot, majirani wa Waturkana upande wa kusini, huchoma mti wanaouita cromwo, husaga mkaa wake na kuutia katika kibuyu, na maziwa yakishaganda hutoka na rangi ya kijivu. Wakalenjin wana mursik, ambayo wanariadha hupokewa nayo uwanja wa ndege wakirudi na medali. Waturkana wana ngakibuk, maziwa yaliyochachuka na kusukwasukwa, na wana edodo, maziwa yaliyoanikwa juani hadi yakawa unga wa kuwekwa kwa ajili ya kiangazi. Moshi haukuanza kama pambo. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka na joto lake la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Katika nchi ya namna hiyo maziwa yasiyolindwa huharibika kabla jua halijatua. Moshi ulikuwa kinga. Lakini kinga hiyo, ikirudiwa kizazi baada ya kizazi, imekuwa ladha inayotafutwa kwa ajili yake yenyewe, hata mtu huweza kuyasukuma maziwa kando kwa sababu chombo hakikufukizwa sawasawa.

Moshi wa wiski umepita njia hiyohiyo. Kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, hakina misitu ya kuni. Kina vinamasi, na katika vinamasi hivyo mimea iliyokufa kwa maelfu ya miaka imeshindiliwa ikawa udongo mweusi unaokatwa mapande, ukaanikwa, ukachomwa. Shayiri ikiloweshwa na kuchipua huwa kimea, na kimea sharti kikaushwe. Watu wa Islay walikikausha kwa moto waliokuwa nao, na moshi ukaingia katika nafaka, ukapanda pamoja na mvuke wa kukeneka, ukakaa miaka katika pipa la mwaloni. Anayeisifu wiski ya kisiwa hicho, Laphroaig au Lagavulin, kwa moshi wake anasifu kitu kilichozaliwa na uhaba wa kuni, kama vile anayesifu maziwa ya kibuyu anavyosifu kilichozaliwa na uhaba wa kivuli. Katika hali zote mbili watu waliobanwa na nchi yao walikitazama kilichowabana, wakakijua kwa undani, wakajifunza kutofautisha kizuri na kibaya ndani yake. Huo ndio uonjaji ninaouzungumzia, na katika maziwa upo kamili bila ya kileo. Mtu makini atanikumbusha kwamba maziwa haya nayo yamechachuka, na kwamba watafiti waliopima mursik wamekuta humo kileo kidogo na asetaldehidi, hata wakauliza juu ya uhusiano wake na saratani ya umio. Ni haki kuuliza hivyo, na majibu yake ni ya kusikilizwa. Lakini hakuna anayeiendea mursik ili alewe, na hilo latosha kwa hoja yangu.

Kuna pingamizi la zamani zaidi, nalo linagusa msingi. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uamuzi, alitenga kinachopendeza ulimi na kilicho kizuri. Mtu akisema mvinyo wa visiwa vya Canary unapendeza, Kant anataka aongeze kwamba unampendeza yeye. Hana haki ya kudai kila mtu akubaliane naye, kama anavyoweza kudai juu ya uzuri. Kwa msimamo huo kuonja ni siri ya kila kinywa, na hakuna cha kujadili. Miaka 33 kabla yake Mskoti David Hume alikuwa ameandika insha kuhusu kipimo cha ladha, akakopa humo kisa cha Cervantes. Jamaa wawili wa Sancho, mhusika wa kisa hicho, waliitwa waonje mvinyo. Mmoja alisema ni mzuri ila una ladha ya ngozi, wa pili akasema ni mzuri ila una ladha ya chuma, na wote wawili wakachekwa. Pipa lilipoisha, chini yake ulikutwa ufunguo uliofungwa ukanda wa ngozi. Naona Hume ndiye aliyeshika jambo, na ushahidi hauhitaji kuvuka bahari. Maziwa ya ngamia hubadilika ladha kwa malisho na kwa maji. Mfugaji anayeonja na kusema mnyama huyu alilishwa kwenye mimea ya chumvi anatoa habari inayoweza kuthibitishwa: kuna njia iliyopitwa, kuna kichaka kilicholiwa. Kant yuko sahihi kuhusu kupenda, kwa kuwa hakuna wa kunilazimisha nipende moshi. Kuhusu kutambua amepunguza mno. Ulimi uliofunzwa husema kitu juu ya ulimwengu, na kwa hiyo unaweza kukosea, unaweza kusahihishwa, na unaweza kumfundisha mwingine.

Wapenzi wa chupa watanijibu kwamba nimelinganisha visivyolingana, kwa kuwa katika wiski kileo ndicho mbebaji wa harufu na ukikiondoa huachi kitu. Hoja hii ina ukweli wa kikemia. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi, Karlsson na Friedman, walieleza jinsi molekuli ya gwayakoli, mojawapo ya zile zinazoleta harufu ya moshi, inavyokaa karibu na uso wa kinywaji wiski inapozimuliwa kwa maji, na jinsi kileo kikizidi kinavyoizamisha. Hata hivyo natazama matokeo hayo na kuona yananitetea. Kileo kikiwa kingi huificha harufu, maji huifichua. Na wale wanaoijua wiski kuliko wote, mabingwa wa kuchanganya katika viwanda vya Uskoti, hufanya sehemu kubwa ya kazi yao kwa pua. Huizimua sampuli hadi karibu asilimia 20, huinusa, na ile wanayoitia kinywani huweza kutemwa. Mtu aliyepaswa kupima mapipa mengi kwa siku angeyameza yote asingeweza kulitambua hata la kumi. Ustadi wa juu kabisa katika kinywaji hiki unadai mtu asilewe, na jambo hilo halitakiwi na sheria wala dini tu, linatakiwa na ustadi wenyewe. Kileo hutuliza hisi, na kuonja ni kuziamsha.

Hapa ndipo dini zinaingia, na siziingizi kwa ajili ya kuzipatanisha na bilauri. Waislamu wa Kakuma, wengi wao wenye asili ya Somalia, pamoja na wale wa Lodwar, hawana mjadala kuhusu wiski: ni haramu, kidogo chake na kingi chake. Ninachokiona muhimu ni namna Kurani inavyoyapanga mambo haya. Katika Surat An-Nahl aya ya 66 inataja maziwa yanayotoka safi kati ya samadi na damu, yenye kuwaburudisha wanywaji, na aya inayofuata inataja matunda ya mitende na mizabibu ambayo watu hufanya kutokana nayo kilevi na riziki njema. Maziwa na kilevi vimewekwa jirani ili msomaji atafakari. Katika masimulizi ya Israi, safari ya usiku, Mtume aliletewa maziwa na mvinyo akachagua maziwa, akaambiwa amechagua maumbile ya asili. Na katika Surat As-Saffat peponi kuna kinywaji kinachozungushwa, cheupe, chenye ladha kwa wanywaji, kisicho na madhara wala kisichowalewesha. Kwa maoni yangu aya hiyo ni hoja nzito ya kifalsafa kuliko inavyochukuliwa. Inakiri kwamba ladha ya kinywaji ni neema inayostahili kuahidiwa, na inaitenganisha ladha hiyo na ulevi kwa uwazi. Asiyekunywa kabisa, basi, hajaikataa ladha. Amekataa bei ambayo kilevi huitoza.

Upande wa Wakristo, ambao ndio wengi Turkana na ambao Jimbo Katoliki la Lodwar limewahudumia tangu 1978, mvinyo umo katikati ya ibada yenyewe. Lakini umo kwa kiasi cha mdomo mmoja, na hapana anayekifikia kikombe cha misa kwa ajili ya kulewa. Kisa cha harusi ya Kana, katika sura ya pili ya Injili ya Yohana, kina jambo ambalo wahubiri hupita haraka. Msimamizi wa karamu anaonja maji yaliyogeuka mvinyo, anatambua kwamba ni bora kuliko wa kwanza, na hajui ulikotoka. Watumishi walioyachota maji ndio wanaojua. Kwa kawaida, msimamizi anasema, mvinyo mzuri hutangulizwa na ule hafifu huletwa watu wakishalewa, maana wakati huo hawatambui tena. Mtu huyu hakuwa akifundisha dini. Alikuwa akieleza desturi ya biashara ya karamu, na katika desturi hiyo amekiri lilelile ninalolisema: ulevi unapofika, kuonja kumekwisha. Nami naongeza kwamba uonjaji wake, ijapokuwa ulikuwa sahihi, ulipungukiwa kwa sababu ya wale asiowauliza. Anayetaja moshi na asali bila kujua kuni na mikono iliyozileta ameishia katikati.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni la njaa. Litasemwa hivi: yote haya ni mazungumzo ya walioshiba, na kuyapeleka Kakuma ni kukosa adabu. Mtu anayehesabu siku hadi mgao ujao hana nafasi ya kutofautisha ladha. Kwake chakula ni chakula. Mwenye kusema hivyo husema kwa huruma, na huruma hiyo inastahili jibu la uangalifu. Ushahidi wa kambi yenyewe unaipinga. Kwa miaka mingi wakimbizi walipewa nafaka, unga, kunde na mafuta yaliyopimwa ili kufikisha kilokalori 2,100 kwa siku. Sehemu ya mgao ule waliiuza, mara nyingi kwa hasara, ili wanunue walichokizoea: mchele, tambi, sukari, majani ya chai, maziwa, nyama kidogo. Mtama ambao mtu wa Sudan Kusini aliujua vizuri, jirani yake Msomali aliuona mgeni mezani. Mwenye njaa alikubali kupoteza kalori ili apate ladha. Ndiyo maana mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula, sehemu ya msaada ikawa fedha za simu za kununulia chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, na familia ikachagua yenyewe. Wapangaji walizungumzia soko na ufanisi, na walikuwa na haki. Mimi naona walikuwa wamekubali kwamba ulimi wa mkimbizi ni sehemu ya utu wake. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua na mgao ukashuka chini ya theluthi ya kiwango hicho, kilichopotea hakikuwa uzito wa chakula pekee. Uwezo wa kuchagua ulipotea pia, nao ni hasara ya kweli ambayo mizani haiipimi.

Kwa hiyo sikubali kwamba masikini hana ladha. Nakubali jambo lililo karibu na hilo, kwamba dhiki ikizidi humlazimisha mtu atumie kinywaji kwa kazi isiyo ya kuonja. Hapo ndipo chang'aa inapokaa. Kemia yake ni ileile ya skochi: nafaka iliyochachuka, moto, mvuke, bomba lililopozwa. Nayo skochi haikuzaliwa ya kiungwana. Kabla ya sheria ya ushuru ya 1823 wakulima wa nyanda za juu za Uskoti waliipika kwa kujificha mabondeni, wakiwakimbia maofisa wa ushuru, na George Smith wa Glenlivet alipokubali kuchukua leseni mwaka 1824 alilazimika kutembea na bastola kwa kuwaogopa majirani waliokuwa bado wakipika kwa siri. Kilichofuata ndicho kilichobadilisha kinywaji. Asiyejificha anaweza kungoja. Leo sheria ya wiski ya Uskoti, iliyoandikwa upya mwaka 2009, inadai miaka mitatu ya chini kabisa katika mwaloni, na kila mwaka takriban asilimia 2 ya pipa hupotea hewani, fungu ambalo wenyewe huliita la malaika. Katika joto la Lodwar fungu hilo lingekuwa kubwa mara kadhaa. Lakini joto si kizuizi kikubwa. Mwanamke anayepika chang'aa Kakuma, ambaye mtungi wake unaweza kumwagwa asubuhi yoyote na polisi, hana miaka mitatu. Hana hata majuma matatu. Hupika leo auze leo, na ladha haimo katika hesabu kwa kuwa mnunuzi naye haji kwa ajili ya ladha. Huja kwa ajili ya nguvu. Hukitupa kinywaji kooni ili kipite ulimi haraka.

Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya 1980, kisha sheria ya 2010, ambayo wengi huiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiasisi, ikairuhusu kwa masharti ya leseni na chupa ya glasi, masharti ambayo mpishi wa kambini hayafikii. Upishi ukabaki gizani, na gizani ndimo methanoli hupenyezwa. Mei 2014 makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka katika Embu, Kitui, Makueni na Kiambu kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo. Mbele ya kinywaji kinachoweza kuua, ulimi hauna kazi ya kusifu. Ungekuwa na kazi ya kulinda, na mnywaji ameshauzima kwa makusudi. Siwalaumu wapishi. Busaa huwalipia kuni, dawa na karo, na machicha yake yameliwa na watu waliokosa kingine cha kula. Wala siwapambi, maana watoto wanaolala na njaa kwa sababu fedha ya nyumba imeishia kilabuni wapo, Lodwar na Kakuma, na kila mchungaji, shehe na chifu anawajua.

Bado naweza kuulizwa kama mnywaji wa skochi hotelini Lodwar ni bora kuliko yule wa chang'aa. Simwoni kuwa bora. Ujuzi wa kutaja ladha umewafunika wengi ambao, bilauri ya tatu ikifika, hawatofautishi tena wiski ya miaka 12 na maji ya moto, na bei ya chupa yao ingelisha nyumba kwa wiki kadhaa. Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja kwa wote wawili: mtu aulizwe kama angeridhika na kile kidogo alichoonja, kisha bilauri ikaondolewa. Akisema ndiyo, alikuwa akionja. Akisema hapana, ajue alichokifuata ni kingine, na jina la kiwanda halibadilishi hilo. Mfugaji anayekunywa maziwa ya chombo kilichofukizwa hupita kipimo hiki kila siku bila kuulizwa. Mlokole na Mwislamu wasiogusa kileo maisha yao yote wanaweza kukipita pia, kwa chai, kwa asali, kwa tunda la mkoma wa kando ya mto Turkwel ambalo Waturkana huliita eng'ol.

Kwa mnywaji wa kambini, jibu lake la hapana halina budi kusikilizwa zaidi ya kuhukumiwa, kwa sababu mara nyingi linasema kwamba siku ni ndefu na hakuna kazi. Sheria ya wakimbizi ya 2021 iliwapa haki ya kufanya kazi, ingawa vibali vimekuwa vigumu kupatikana, na mpango uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, umeahidi kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji wa Turkana katika huduma na biashara. Ukitimizwa, mwanamke mwenye ujuzi wa kuchachusha mtama ataweza kuuza bidhaa yake mchana, yenye jina lake, kwa mnunuzi anayerudi kwa sababu aliipenda. Ujuzi huo anao tayari. Uji uliochachuka ni kazi ya mikono ileile inayotengeneza busaa, na soko la Kakuma lina watu wa Sudan Kusini, Kongo, Burundi, Ethiopia na Somalia, kila mmoja na kumbukumbu yake ya jinsi uji unavyopaswa kuwa.